Senetwet Upande wa Kuletwa

Mimi ndiye niliyeandika senetwet upande wa mimea ya kuletwa. Nimelikana jambo hili tangu darasa la sita, na kila shahada niliyopata iliniongezea ufasaha wa kulikana.

Juzi nilipita Kiplombe kuutafuta ule msitu wa hifadhi wa enzi zetu za shule. Pale tulipokuwa tukiingilia nilikuta mahindi, kanisa la mabati na kioski. Nilitarajia kulia. Nikanunua soda.

Wewe uliyekunywa maziwa ya Nyayo shuleni, yale ya bure ya serikali, utanielewa. Afisa wa misitu aliiomba shule yetu imsaidie kuorodhesha mimea. Mwalimu wa sayansi akatupanga wawili wawili, daftari moja, kila ukurasa umepigwa mstari katikati: asili kushoto, kuletwa kulia. Ya kulia ingefyekwa. Mimi niliandika. Mwenzangu wa dawati, ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia Yamumbi kutoka Mkoa wa Kati, alichuma majani na kuyanusa, mikono ikinuka mkaratusi hadi Jumatatu.

Senetwet ni kile kichaka cha maua ya njano ambacho nyanya alichoma vijiti vyake, akasugua kwa mkaa wake vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Kwake kilimea kando ya ua. Kwa akili yangu, cha uani kimepandwa, na kilichopandwa kimeletwa.

"Wee, hii si ni ya huku?" mwenzangu akauliza.

"Utanifunza miti ya kwetu?"

Wiki iliyofuata senetwet yote ya ukingo wa msitu ilifyekwa. Majirani wakaja kwa nyanya kuomba vijiti, naye akagawa hadi ua ukabaki visiki. Alikuwa akisema maziwa bila mkaa ni maji yaliyokasirika. Mwaka ule tuliyanywa hivyo.

Mwalimu alisimama na daftari letu mbele ya darasa. "Nani aliandika senetwet upande huu?" akauliza.

"Ni yeye, Mwalimu," nikasema, nikimwonyesha mwenzangu.

"Si ajabu. Huyu miti ya huku ataijulia wapi?"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Mwenzangu akaondolewa kwenye safari ya Nakuru, tulikokuwa tupeleke daftari kwenye maonyesho ya shule. Nikaenda peke yangu. Nilikula chipsi kwa mara ya kwanza, na zilikuwa tamu. Niliporudi, dawati lilikuwa na nafasi.

Baada ya ile soda nilitafuta nambari yake, nikapiga. Nilikuwa nimeandaa maungamo yenye utangulizi na hitimisho. Alinisikiliza huku akikoroga kitu jikoni.

"Dada, mwandiko si ulikuwa wako?" akasema. "Na mwalimu si ndiye alikuwa anasahihisha insha zako kila Ijumaa?"

"Kumbe alijua?"

"Aliniangalia, akaangalia daftari, akalifunga. Jioni hiyo nikamwambia mama sirudi hiyo shule."