Kinyozi na Zabibu za Juu ya Mti

Hebu mwone akilini Ermile anavyoingia makaburini Jumatatu ile ya Pasaka. Mrefu, mwembamba, nywele zimekatwa ovyo kwa sababu kinyozi hana wa kumnyoa, na kifuani kakumbatia chupa kubwa ya kioo iliyovishwa kikapu, kama baba anayetoka hospitali na mtoto wake wa kwanza. Anapiga hatua, anasimama, anatazama chini, anapiga nyingine. Nyuma yake anakuja mama yake, Bibi Pelagia, kabeba sinia la mayai mekundu na mkate wa Pasaka, na mdomo wake haujapumzika tangu nyumbani.

"Tembea, mwanangu! Baba yako keshakufa, sasa unataka azeeke?"

"Mama, pana utelezi."

"Utelezi uko kwenye miguu yako. Ulikuwa hivyo hivyo hata kwenye harusi yako."

Ndani ya chupa ile mlikuwa na mvinyo wote wa Shavkuda uliobaki duniani. Lita tano, basi.

Shavkuda ni zabibu ya kwetu, mkoa wa Guria. Ni nyeusi, ngozi yake ngumu, na haikubali kulazwa kwenye waya kama zabibu zenye adabu. Inapanda mti mpaka kileleni, na huko juu ndiko inakozaa, kwa hiyo anayeitaka apande na kikapu na kamba. Zamani kila ua ulikuwa nayo. Kisha wakubwa wa enzi zile wakaamua kwamba hapa ni nchi ya chai, na aliyekabidhiwa shoka kijijini alikuwa Varlam, baba yake Ermile. Varlam akakata ya jirani, akakata ya shemeji, akakata ya kwake. Mzabibu mmoja tu aliuacha, nyuma ya banda la kuku, na walipomuuliza akasema hakuuona. Mti ulioubeba ulikuwa mrefu kuliko nyumba mbili.

Lakini kuupanda hakuthubutu, maana anayepanda huonekana na kijiji kizima. Enzi zile zilipopita, magoti nayo yalikuwa yamepita. Basi Varlam akanywa mvinyo wa watu wengine maisha yake yote huku kakunja uso, na siku ya kukata roho akamshika mwanawe mkono: "Ermile, kiu hii ni ya Shavkuda. Uniletee glasi, uimwage kaburini kwangu. Iliyojaa, usije ukaniletea mabaki." Ermile akaapa.

Tatizo ni kwamba Ermile anaogopa urefu. Akisimama juu ya kigoda kubadilisha taa, anamwita mama yake aje amshike suruali. Mara ya kwanza alipoupanda mti ule alifika katikati, akatazama chini, akaukumbatia na kufumba macho. Jirani yake Silovan akaleta kiti, akakaa chini kumtazama kama mtu aliyekata tiketi.

"Ermile! Nikupandishie mkate na jibini kwa kamba?"

"Niletee ngazi!"

"Ngazi iko kwa mkwe wangu. Kula kwanza, ndugu yangu, usije ukaanguka na njaa!"

Alishuka jioni. Mwaka uliofuata akapanda tena, safari hii macho kafumba tangu chini, akichuma kwa kupapasa. Na chini, dukani kwake, akawa mhubiri. Hakuna aliyenyolewa Guria ambaye hakusikia habari za Shavkuda, na kwa kuwa wembe ulikuwa kooni, hakuna aliyebisha. Wengine walianza kufuga ndevu.

Lakini vipandikizi alivyokata kwenye mzabibu ule na kuvipanda vilikufa vyote. Udongo wetu una kidudu kinachotafuna mizizi, na dawa yake ni kuunganisha kipandikizi na shina la kigeni, kazi inayotaka vyumba vya joto na mikono iliyozoea. Vyumba hivyo viko kwenye kitalu cha miche, na mwenye kauli ya mwisho kitaluni ni Mtaalamu Lamara. Majibu yake kwa simu yalikuwa mafupi: "Nina nafasi ya aina moja tu mwaka huu, na wanaoitaka ni wengi. Siipokei zabibu ambayo sijaonja mvinyo wake. Jumatatu ya Pasaka nitakuwa kijiji cha jirani, kwenye kaburi la mama yangu. Nitapitia makaburini kwenu."

Na kungoja mwaka mwingine haikuwezekana. Theluji ya msimu ule iliuvunja mti nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa imelala juu ya banda la kuku, ikitoa sauti kila upepo ukivuma.

Sasa turudi makaburini. Ermile ameiweka chupa juu ya kaburi la baba yake. Hajakaa, simu inalia: gari la Lamara limezama kwenye matope pale mtoni.

"Mama, naenda kusukuma gari. Chupa hii haiguswi."

"Aiguse nani? Maiti?"

Akaenda. Mara akatokea Silovan. "Bibi Pelagia, Kristo amefufuka!"

"Kweli amefufuka, mwanangu! Simama umkumbuke Varlam."

Na siku hiyo kwetu anayesimama kaburini kwako haondoki na koo kavu. Bibi Pelagia alikuwa na chupa ndogo ya mvinyo wa kawaida, lakini Silovan alimkumbuka Varlam kwa mapenzi makubwa sana, ikaisha. Akaja padri na wanakwaya wake. Wakaja wakwe kutoka ng'ambo ya mlima, watu ambao ukiwanyima kinywaji watalisimulia jambo hilo hadi kwa wajukuu.

Ermile aliporudi kalowa matope mpaka nyusi, nyuma yake Lamara na viatu vyake vya mpira, alikuta midomo myeusi kila upande. Akainyanyua chupa. Nyepesi.

"Mama!"

"Ningewapa nini, maji? Padri, Ermile! Na nimemtunzia baba yako glasi yake, mimi si mwendawazimu."

Ermile akaimimina. Ikajaa glasi moja hadi ukingoni, halafu tone, halafu hakuna.

"Ni mvinyo wa ajabu, mama mtaalamu," alisema Silovan, kashikilia msalaba wa kaburi la jirani asianguke. "Mimi ni shahidi!"

"Wewe ni shahidi wa kila mvinyo," Pelagia akamkata.

Hapo makaburi yote yakageuka mahakama.

"Mpe mgeni! Varlam hana haraka!"

"Mpe Varlam! Kiapo!"

"Kiapo gani? Si ndiye aliyeikata Shavkuda? Mzabibu wa babu yangu aliukata akipiga mluzi! Akae na kiu yake!"

"Wagawane nusu kwa nusu," akasema padri.

"Nusu?" Pelagia aliweka mikono kiunoni. "Baba padri, huyu mume wangu hata akiwa hai nusu alikuwa anairudisha. Na mtu akitia mdomo kwanza, hayo si ndiyo mabaki?"

Ermile akamgeukia Lamara.

"Usinitazame mimi, kaka," Lamara akasema taratibu. "Nimetoka kwa mama yangu sasa hivi, na chupa yangu imeishia hukohuko. Ukimmwagia baba yako sitakulaumu. Lakini siwezi kusema nimeonja nisichoonja. Nafasi itakwenda kwa mwingine."

Silovan mwenyewe akaacha kutikisika. Ermile kasimama katikati, huku jiwe lenye jina la Varlam, huku mwanamke mwenye matope viatuni, na mkononi mwake Shavkuda ikicheza ukingoni mwa glasi, nyeusi, ikikaribia kumwagika yenyewe.

Wewe basi, ambaye Varlam hakukukatia kitu wala hujapanda mti ule umefumba macho, ungeielekeza glasi upande upi?