Muuzaji ananiambia multi-tool ni teknolojia mpya, mimi niliiua ya kwanza enzi za Ujamaa

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Vijana, marahaba, najua mlikuwa njiani kuniamkia.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, hata ya mezani daktari kanikataza.

Juzi niko dukani hapa Musoma mjini, natafuta blade za multi-tool. Kwa asiyeijua, ni mashine ndogo ya kushika mkononi, mbele ina kipande cha msumeno. Haizunguki. Inatetemeka tu kushoto kulia, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Unakata nayo mguu wa fremu ya mlango bila kuing'oa ukutani. Ukiwa na nyumba ya zamani kama yangu, utaipenda kuliko baadhi ya ndugu zako.

Kijana wa dukani akaniambia, "Mzee wangu, hii ni teknolojia mpya, hata mafundi wengi hawaijui."

Akataja bei. Nikacheka. Akapunguza. Nikacheka tena, ila safari hiyo sikuwa nacheka bei.

Mimi mashine ya namna hii niliishika mara ya kwanza wakati wa operesheni ya vijiji, hapa hapa Mara, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Na niliitumia vibaya. Mpaka leo nikikumbuka nachemka, na nusu ya hasira ni yangu mwenyewe.

Tulieni niwapange.

Nilikuwaga fundi wa matengenezo kwenye hospitali moja, jina nalihifadhi. Jenereta langu, mabomba yangu, vitanda vya kuchomelea vyangu. Pale hospitali palikuwa na msumeno wa umeme wa kukatia plasta, ile ya mtu aliyevunjika mkono au mguu. Ulikuwa unatetemeka vile vile kama hizi za leo.

Siri yake ni hii: plasta ni ngumu, haiwezi kucheza nao, inakatika. Ngozi ni laini, inacheza pamoja na meno, haikatiki. Muuguzi wetu, dada Bhoke, kila mgonjwa mwoga alikuwa anamwonyesha kwanza. Anawasha, anaugusisha kiganjani kwake, anacheka. Mgonjwa anatulia.

Blade tulikuwa nazo mbili. Nasema mbili kwa sababu nilizihesabu nilipokabidhiwa, nikazihesabu tena kesho yake. Zilitoka nje ya nchi, na nyingine ingetoka huko huko, na enzi zile kusubiri kitu cha nje ilikuwa ni kama kusubiri mvua kwa barua.

Sasa kulikuwa na afisa mmoja hapa mjini. Sitamtaja, nitamwita Ndugu, maana ndivyo alivyotaka kila mtu amwite, na yeye alikuwa anamwita kila mtu hivyo hivyo hasa akiwa anaomba kitu. Nyumba aliyopewa ilikuwa na milango mitatu ambayo mchwa wamekula miguu ya fremu. Akataka ile miguu ikatwe, viungwe vipande vipya, bila kubomoa ukuta, kwa sababu ukuta ulikuwa umepakwa rangi juzi.

Msumeno wa mkono haukuingia pale chini. Ukuta unauzuia, sakafu inauzuia.

Na hapa wakuu sitajificha. Wazo lilikuwa langu. Nilitaka sifa. Nikasema, kuna msumeno fulani pale hospitali ungeweza kazi hii. Nilipoona macho yake yamewaka nikaanza kurudi nyuma, nikamwambia, lakini ni mali ya hospitali.

Akaniuliza, "Ndugu, hospitali ni ya nani?"

Nikasema ya umma.

"Na mimi natumikia nani?"

Nikasema umma.

"Basi umma umekuita."

Mnaona hesabu hiyo. Umma mzima ukawa na mtu mmoja, na mtu huyo ana milango mitatu.

Jumapili nikaenda na msumeno ndani ya mfuko wa sukari. Milango mitatu, miguu sita. Mguu wa kwanza ulikatika kama mkate wa boflo, mpaka nikaanza kupiga mluzi. Wa pili nikasikia sauti imebadilika, kriii. Msumari. Fundi aliyejenga alipigilia fremu ukutani kwa misumari mirefu, vichwa vimekatwa, juu pamepakwa rangi, huoni kitu. Blade ya plasta haina undugu na msumari.

Mwenye akili angesimama pale. Mimi nikabadilisha nikaweka ya pili.

Ilikufa kwenye mguu wa nne. Miwili iliyobaki nikamalizia kwa patasi, mikono ina malengelenge. Ndugu akanipa chai na nusu mkate, akaniambia mimi ni mfano wa kijana anayejenga taifa. Nikazisugua blade zote mbili kwa mafuta ya taa zikang'aa, nikarudisha kila kitu kwenye sanduku lake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Zilikuwa zinang'aa, ila meno hayakuwepo.

Jumatano akaja Mzee Magesa.

Mzee Magesa alikuwa mkulima wa pamba kutoka upande wa Bunda. Alianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika mkono wa kulia, na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kutolewa plasta. Alikuwa amefika na lori alfajiri, na alikuwa na haraka isiyo ya kawaida kwa mtu wa umri wake. Dada Bhoke akamuuliza anakimbilia wapi.

Akaeleza taratibu. Kijiji chao kinahamishiwa barabarani. Jumamosi mgambo wanapita kwenye maboma ya zamani, na kitakachokutwa kimebaki, ndiyo basi tena. Bati alishatoa kwa msaada wa majirani. Ng'ombe wameshahama. Kimebaki mlango. Mlango wa mvule na fremu yake, aliutengeneza mwaka wa Uhuru kwa pesa ya pamba.

Alisema, "Nimetoa mabinti wawili kwenye mlango huo kwenda kuolewa. Wa tatu yupo, anaitwa Nyangeta. Siwezi kumtolea kwenye gunia."

Majirani waliomsaidia bati nao walikuwa wanabomoa kwao. Alihitaji mkono wake, basi.

Mimi nimesimama nimeshika msumeno, kazi yangu ilikuwa kuuchomeka na kuuangalia. Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi mbili za kusema, nimezihesabu sana tangu hapo: alipokaa kitini, na Bhoke alipowasha akaugusisha kiganjani na kucheka kama kawaida yake. Sikusema.

Msumeno ukatetemeka juu ya plasta, ukatoa vumbi kidogo, ukakataa. Bhoke akakandamiza. Blade butu ikikandamizwa haikati, inapata moto. Harufu ikabadilika. Mzee hakupiga kelele, alivuta pumzi tu na kushika kiti kwa mkono mzima.

Bhoke alipozima, akapanua ule ufa mwembamba uliopatikana: mstari mwekundu ulikuwa umeshajichora kwenye mkono, na kwenye kiwiko, ukingoni mwa plasta, palikuwa pameanza kuvimba malengelenge.

Mzee Magesa akauangalia, akamwangalia Bhoke, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mlisema hakikati ngozi. Ni kweli. Kinachoma."

Plasta ilibidi ilowekwe kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu na kuchanwa kwa kisu, kipande kwa kipande, mpaka mchana. Lori lake likaondoka. Mkono ukatoka mwembamba kama wa mtoto, na umeungua juu yake.

Nikamvuta Bhoke pembeni nikamweleza yote, Jumapili, misumari, mafuta ya taa. Nikaomba msamaha. Akafuta mikono akanijibu, "Fundi, usiniombe mimi. Huo si mkono wangu."

Basi nikamwendea mwenyewe. Nilimwambia mbele ya watu, kwa sababu pembeni ningepunguza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: huko Bunda naweza kwenda lini kumtolea ule mlango.

Alhamisi tukapanda lori la pamba, tukapita njia ya Butiama, jioni tukafika. Sikubeba mashine, kule umeme ungetoka wapi. Nilibeba blade moja ya msumeno wa kukatia chuma, ile nyembamba, nikaifunga kitambaa upande mmoja iwe mpini.

Fremu ilishikiliwa na misumari minane. Niliihesabu kwa kupitisha blade kwenye ufa kati ya mbao na ukuta, nikarudia, minane. Ukiipiga fremu kwa nyundo, mbao inapasuka. Njia ni kuingiza blade kwenye ufa na kukata msumari mmoja mmoja, ukisukuma kidogo kushoto, kidogo kulia, maana nafasi ya kuvuta mkono haipo.

Ijumaa nzima nilifanya hivyo. Mzee alikaa kwenye kigoda, mkono umefungwa bandeji, ananitazama. Msumari wa tano mikono ilikuwa inanitetemeka yenyewe. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuonane.

"Mwanangu, na wewe ni kama kile kidude chenu. Hukati, unatetemeka."

Nikamwambia, "Ila sichomi, mzee."

"Bado jua halijazama."

Lilizama msumari wa nane umekatika. Mimi, Nyangeta na mama yake tukaulaza mlango na fremu yake kwenye mkokoteni, mzima, haujapasuka hata sehemu moja. Jumamosi mgambo walipopita walikuta ukuta una tundu.

Nilivyorudi kazini nikakuta kikao. Habari ya msumeno ilikuwa imefika juu, na mgeni rasmi wa kutuhutubia kuhusu utunzaji wa mali ya umma alikuwa, tabirini, Ndugu mwenyewe. Aliongea vizuri, nimpe haki yake. Alisema wapo wafanyakazi wanaohujumu jasho la wakulima. Alisema hivyo akinitazama usoni, macho makavu.

Akauliza kama kuna swali.

Nikasimama. "Ndugu, milango yako inafunga vizuri?"

Nyuma kabisa akaanza kucheka mtu mmoja, akajifanya anakohoa, nadhani alikuwa Bhoke. Mimi nikapewa barua ya onyo. Yeye hakupewa kitu. Blade mpya zilikaa miezi mingi bila kufika, na kila aliyekuja na plasta katika miezi hiyo alikaa na ndoo ya maji kuanzia asubuhi. Hiyo ndiyo inanichemsha. Kosa tulifanya wawili, barua ikaandikwa moja, na ndoo wakaletewa watu ambao hata hiyo nyumba hawakuwahi kuiona.

Mwaka jana Nyangeta alinipigia simu. Ni bibi sasa. Mlango wa baba yake uko kwenye nyumba yake Bunda, na alikuwa anaweka tiles, sakafu imepanda, miguu ya fremu ikatwe kidogo ili tiles ziingie chini yake. Mafundi wawili walishamwambia ang'oe aweke wa alumini. Aliwafukuza.

Nikaenda na multi-tool yangu. Nikaweka kipande cha tile chini kama kipimo, blade ikalala juu yake. Lakini kabla ya kuwasha nikapitisha sumaku kwenye fremu yote, juu mpaka chini, nikisikiliza inaponasa.

Ilinasa mara nane. Vichwa vya misumari vile vile nilivyoviacha, vimezama kwenye mvule. Nikarudia kuhesabu. Nane.

Nyangeta akaniuliza naogopa nini wakati mashine si ngeni kwangu. Nikamwambia naiogopa kwa sababu naijua.

Funzo, kwa wale wanaoruka mpaka mwisho: pitisha sumaku kwanza. Blade ya mbao usiipe msumari. Ikiwa butu tupa, usiisugue ing'ae. Na kitu cha watu wote akija mtu mmoja kukiomba kwa jina la watu wote, mwulize ana milango mingapi.

Uwanja ni wenu wakuu. Mwenye swali la blade aulize, nitajibu. Na kama kuna anayeishi kwenye ile nyumba hapa mjini, mlango wa tatu, mguu wa kushoto, kile kiraka kibaya ni changu. Nakiacha hivyo hivyo, sirudi kurekebisha.