Kadi Iliyotobolewa Guangzhou

Habari za kifo chake zilinikuta mahali ambapo habari zote hunikuta, yaani kwenye kiti changu cha sebuleni, miguuni kandambili. Aliyenipigia ni mfanyabiashara mwenzake wa zamani. Akaniambia kwa ufupi kwamba yule kaka yetu wa Iringa, aliyekuwa akileta vitambaa kutoka Guangzhou, amefariki na wameshamzika. Hatukuwa ndugu wala marafiki wa kutembeleana. Tulifahamiana wiki chache tu, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika hoteli moja ya bei nafuu huko China. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua: mimi hata kwenda gengeni hujipanga tangu asubuhi, kwa hiyo mtauliza China nilifikaje. Nilitumwa. Dada yangu, mwenye duka la nguo, alivunjika mguu msimu wa mzigo, na katika ukoo mzima aliyeonekana hana shughuli ni mimi.

Marehemu alikuwa chumba kinachotazamana na changu. Asubuhi nilikwenda Zhongda kununua vitambaa kama nilivyoagizwa, kisha nikarudi kujifungia na televisheni ambayo sikuelewa hata neno moja. Yeye alikuwa mtu wa kutoka. Jumapili moja, wenzetu walipokwenda Shiling kutazama mikoba, akanigongea mlango akiwa amevaa shati lake la kanisani.

"Mdogo wangu, umepanda ndege kote huko uje kukaa ndani?" akasema. "Si ungekaa ndani kwenu, hakuna viza."

"Kwetu ndani nimeshakuzoea, kaka."

"Vaa viatu. Nakupeleka mahali pa wazee wenzako."

Nikamwambia siwezi, nina miadi ya simu saa kumi jioni, na hiyo haikuwa danganya toto. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya misheni kwa siku chache tu, na gari la parokia lilikuwa likiwachukua wagonjwa Jumapili hiyo, baada ya misa. Mama alikuwa amegoma. Alisema hakatwi jicho hata na malaika mpaka asikie kwa sauti yangu mwenyewe kwamba niko mzima huko niliko na kwamba nimekubali. Kwa hiyo dada alipanga wampeleke kwa jirani mwenye simu, asubiri, mimi nipige saa tano ya kwetu, ambayo ni saa kumi ya kule. Gari lingemsubiri hapo nje, lakini halingemsubiri sana. Kadi ya simu nilikuwa nimeshainunua, mpya, ninayo mfukoni.

"Simu ziko mlangoni kulekule," akasema. "Twende."

Alinipeleka kwenye maonyesho ya wakusanyaji, ghorofa ya pili ya jumba moja kuukuu. Humo kulikuwa na meza za stempu, sarafu, hata karatasi za viberiti, lakini kilichowajaza watu kilikuwa kadi za simu. Vijana wa leo niwaeleze: kabla ya simu za mkononi ulinunua kadi yenye picha, ukaitumbukiza kwenye simu ya barabarani, na kadiri ulivyozungumza mashine ikaitoboa vitobo vidogo kuonyesha kilichobaki. Kadi iliyokwisha kazi unaitupa. Mle ukumbini hawakutupa kitu. Walikuwa na majalada ya plastiki, walishika kadi kwa kibanio kama daktari anayetoa mwiba, na ile ambayo haijawahi kuingia kwenye simu ndiyo iliyoheshimiwa kuliko zote. Mkono mtupu ukiigusa, meza nzima inakutazama.

Huyu bwana wa Iringa walimfahamu. Walimwita laoban, bosi, kwa utani, kwa sababu alifika pale na kadi kuukuu za kwetu zenye twiga na mlima, alizokuwa akiziokota kwenye vibanda vya simu na kuzifuta vumbi kwa shati. Alikuwa na kadi tatu ambazo ukizipanga zinatoa picha ya daraja, na daraja hilo lilikatika upande mmoja kwa kukosa ya nne. Safari baada ya safari aliitafuta, na safari baada ya safari mkusanyaji mmoja mwenye miwani minene alimjibu mei you, hakuna. Siku hiyo mtu wa miwani hakusema mei you. Alifungua jalada, akamwonyesha, akalifunga tena. Wakaanza kunywa chai. Pale hubadilishani kitu kabla ya chai.

Nikaachwa peke yangu, na mimi nikiachwa peke yangu mahali penye watu huwa natafuta namna ya kuonekana mwenyeji. Mama mmoja mchangamfu alinionyesha kadi yenye korongo wawili wakiruka juu ya maji, nzuri ajabu. Yangu ilikuwa na tangazo la majokofu. Nikatoa majokofu, nikapewa korongo, na yule mama akatabasamu mpaka nikajiona mfanyabiashara. Niliona vile vitobo vidogo pembeni mwa kadi. Nikadhani ni nakshi.

Mwenzangu alirudi uso unang'aa, daraja lake limetimia. Alikuwa ametoa twiga wote na mlima wote, pamoja na ahadi kwamba kadi ile haitatumika kamwe. Tukashuka kwenye simu za mlangoni. Saa kumi imefika. Nikatumbukiza korongo wangu, mashine ikawatema. Nikatumbukiza tena, ikatema tena.

"Hebu," akasema, akaichukua na kuitazama kwenye mwanga. "Mdogo wangu, hii umeitoa wapi?"

"Nimebadilishana. Na ile ya majokofu."

"Umetoa kadi nzima ukachukua iliyokufa." Hakucheka, na ndipo nilipoogopa. Juu yetu kulikuwa na ukumbi mzima wa kadi za simu, na hakuna hata moja ambayo mtu angekuuzia kwa haraka. Duka lililokuwa jirani limefungwa. Nikasema labda nikimbie mtaa wa pili.

"Mama yako ameshika simu sasa hivi?"

"Ameshika."

Akaichomoa kadi ya nne kwenye plastiki yake kwa vidole, bila kibanio, akaitumbukiza. Mama akapokea. Hakuuliza hali. Alisema, "Mbona sauti yako iko karibu hivyo? Wewe uko China kweli au umejificha chumbani?" Nikamwapia niko China. "Basi sawa, nakwenda. Ningejua uko chumbani ningebaki." Nikasikia honi ya gari la parokia, simu ikakatwa.

Kadi ilitoka na kitobo kimoja. Tulipogeuka, mtu wa miwani alikuwa amesimama hapo na mwavuli wake, anakwenda nyumbani. Akanyoosha mkono, akapewa kadi, akaitazama sana, akairudisha kwa mikono miwili na kusema maneno machache. Nikauliza amesema nini.

"Anasema mimi si mtu wa kuaminiwa."

"Mweleze habari za mama."

"Kichina changu ni cha bei na rangi za vitambaa," akasema. "Mama sina neno lake la kutosha." Niliambiwa baadaye kwamba tangu siku hiyo, akifika tu kwenye meza ile, aliambiwa mei you kabla hajafungua mdomo.

Nimefikiri sana juu ya hilo wiki hii. Sisi nasi ni wakusanyaji. Kabati langu lina glasi ambazo hazijawahi kuonja maji, zinasubiri mgeni ambaye kwa tabia zangu hawezi kuja. Kuna majirani wana kochi lenye nailoni ya dukani mpaka leo. Simu zimejaa mifukoni, hakuna tena kusubiri kwa jirani, na bado tunatumiana vipicha vya maua badala ya kupiga. Hata maneno mema tunayatunza safi yasiguswe, tukayatoe msibani, mbele ya mtu asiyeyasikia. Yule kaka alikipenda kitu chake kuliko wengi wetu tunavyopenda vyetu, na alipoitwa akitumie hakuomba hata dakika ya kuaga. Alilipa kwa jina lake jema, kwa watu aliotaka wamheshimu.

Mama yangu bado yupo, na macho yake anayo. Nilipompelekea habari aliniuliza huyo mtu alikuwa na sura gani, maana hakuwahi kumwona. Nikamweleza nilivyoweza, nikamwambia nitamwandika gazetini.

"Ana mke?" akauliza.

"Anaye, Iringa."

"Umempigia?"

Nikasema nilikuwa nangoja kwanza niandike, maneno yakae vizuri.

"Mpigie hivyohivyo yakiwa mabaya," mama akasema.

Nikapiga. Yalitoka mabaya kweli, nikakwama katikati, na mjane akanisubiri mpaka nikamaliza. Safu hii nimeiandika baada ya hapo, na ninawashauri na ninyi mfuate utaratibu huo.