Tiketi ya Mama Mkwe Ilikuwa Mfukoni Mwangu

Siku ile naikumbuka mpaka rangi ya viti vya treni. Vilikuwa vya bluu, mwanangu, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya kimoja nikijiona nina akili kuliko watu wote waliozaliwa Shelui. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa behewa la mbele yangu. Tulikuwa Ujerumani, yeye akiwa na saa chache tu tangu ashuke kwenye ndege, na tiketi yake ilikuwa mfukoni mwangu.

Ngoja nianzie ilikoanzia, maana nikikuharakisha utadhani nakuchekesha tu.

Nilikuwa kijana, nimepelekwa huko kujifunza ufundi wa mashine za kukamua mafuta. Kwetu alizeti tulilima, lakini mashine ikiharibika tulikuwa tunakaa wiki nzima tukimngoja fundi. Mke wangu Naomi alinifuata mwaka wa pili, na akashika mimba huko huko. Mimba ilipofika mwezi wa nane ikaleta matata. Akalazwa hospitali ya mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa treni kutoka uwanja wa ndege. Madaktari wakasema mtoto amekaa vibaya, atatolewa kwa upasuaji, wakataja siku, wakataja na saa: saa nane mchana.

Naomi akasema haingii chumba kile mpaka mama yake amwekee mkono kichwani. Haukuwa ukaidi. Mama yake mdogo alikuwa amefia kwenye upasuaji wa namna hiyo nyumbani, na Naomi alikuwepo, akiwa msichana mdogo. Waumini wa kanisa tulikosali wakachanga nauli ya ndege. Viza ikachelewa kutoka, na ndege iliyopatikana ilikuwa inatua asubuhi ya siku ile ile ya upasuaji. Daktari aliniambia waziwazi kwamba saa nane ikipita wataanza tu, akubali asikubali, kwa sababu mtoto hawezi kungoja. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, kumfikisha yule mama kabla ya saa nane.

Sasa, mimi nilikuwa mtu wa kupenda kujua. Shelui ni mji wa malori, na utotoni nilikuwa nalitambua gari kwa mlio kabla halijatokea kwenye kona. Treni sikuwahi kuipanda mpaka nilipofika Ulaya, basi ile treni ya wenzetu ikanishika akili. Jioni baada ya darasa nilikuwa nakwenda stesheni bila safari yoyote, nakaa nasoma karatasi zilizobandikwa ukutani. Za njano zinaonyesha treni zinazoondoka, nyeupe zinaonyesha zinazofika. Nilimsumbua mama mmoja wa dirisha la tiketi mpaka akawa akiniona anavua miwani kabisa, anajua hapa kuna kazi.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha kwamba kule tiketi si nauli tu, tiketi ni masharti. Iko ya bei nafuu ukiinunua mapema, lakini imefungwa kwenye treni moja, ile iliyoandikwa tu. Ukiikosa treni hiyo, umebaki na karatasi. Iko ya bei kamili, ambayo unapanda treni yoyote ya njia ile, hakuna wa kukuuliza. Halafu iko moja iliyonifurahisha mno: karatasi moja, watu hadi watano, siku nzima, ila kwa treni za polepole tu zinazosimama kila mji, na huanza kutumika saa tatu asubuhi. Nikamuuliza kwa nini saa tatu. Akasema kabla ya hapo treni zimejaa wanaokwenda kazini, na watembezi wasubiri kidogo. Nilifurahia jibu lile kwa siku mbili.

Nikapiga hesabu zangu. Ndege inaweza kuchelewa, kwa hiyo ile iliyofungwa kwenye treni moja ni hatari. Ile ya bei kamili sikuiweza. Basi nikachukua ya watu watano, ingawa tulikuwa wawili, kwa sababu tukichelewa moja tutapanda inayofuata. Uamuzi ule hata leo sioni kosa ndani yake. Kosa lilikuwa mahali pengine.

Mama mkwe alitoka uwanjani amevaa sweta mbili na vitenge viwili, kimoja kiunoni na kimoja begani, na mkoba mdogo kifuani. Jina lake silitaji hata leo, na yeye langu hakuwahi kulitaja. Ninyi vijana wa siku hizi mnakula sahani moja na mama wakwe zenu, sisemi ni vibaya. Sisi tuliolelewa zamani kidogo, mama mkwe hukai naye kiti kimoja, humtazami usoni, na akipita njia moja na wewe unaingia porini kumpisha. Nikamwamkia nimegeukia ukutani, nikachukua begi lake, nikatangulia hatua kumi.

Treni ilikuwepo. Nikamkalisha dirishani katika behewa la pili kutoka mwisho, halafu nikashuka nikaenda kupandia mlango wa behewa la mwisho kabisa, maana kukaa naye sehemu moja kwa saa tatu nisingeweza. Kabla sijaondoka aliniuliza neno moja.

"Tunashuka wapi, baba?"

"Usijali, mama. Mimi najua."

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Nililisema kwa upole, na kwa heshima zote.

Baada ya saa moja na nusu treni ikasimama kwenye stesheni kubwa kidogo. Ikatangazwa kitu kwenye spika, lakini mimi nilikuwa nimezama kwenye kitabu cha ratiba, nikihesabu miji iliyobaki. Nikasikia vyuma vikigongana. Kidogo nikaona kivuli dirishani. Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama nje, upande wa pili wa kioo, ananitazama.

Fikiria mwenyewe. Mama mkwe, uso kwa uso, hatua moja. Nikainamisha macho. Akagonga kioo, nikazidi kuinama. Nilijiambia amenyoosha miguu tu, na kwamba mkwe mwenye adabu hamkodolei macho mama wa mke wake. Jina langu halitamki, na "baba" tu haipenyi kioo. Akagonga tena, safari hii kwa nguvu. Mimi nikawa nasoma ratiba, ukurasa ule ule, herufi hata moja siioni. Kisha kugonga kukakoma.

Treni ilipoanza kwenda ndipo nikainua kichwa. Nikaona jambo ambalo sikulielewa kwa muda: mabehewa ya mbele hayakuwa yetu tena. Yalikuwa yamekatwa, yameshika reli nyingine, yanakwenda upande wake. Nikakimbilia behewa alilokuwa amekaa. Kiti kilikuwa kitupu.

Mkaguzi wa tiketi alinikuta nimesimama katikati ya njia. Nikampa karatasi yangu, akaitazama mbele na nyuma.

"Tiketi ni halali," akasema. "Treni ndiyo siyo."

Akanieleza taratibu, kama mtu aliyezoea. Treni ile huwa moja mpaka stesheni ile, halafu inagawanyika. Mabehewa ya mbele yanakwenda mji wa hospitali, ya nyuma yanakwenda kwingine. Imetangazwa mara mbili, akasema, na imeandikwa ubavuni mwa kila behewa, karibu na mlango. Mwanangu, mimi niliyesoma kuta zote za stesheni kwa miezi, ubavu wa behewa nililolipanda sikuutazama.

Nikashuka stesheni ndogo iliyofuata, na treni ya kunirudisha ilikuwa baada ya saa nzima. Msimamizi pale akapiga simu huku na huku kuuliza kama kuna mama wa Kiafrika ameonekana mahali. Hakuna aliyejua. Niliogopa, na sioni aibu kukwambia kwamba nililia. Mama wa watu hana tiketi, hana lugha, hana simu, na hajui hata jina la mji anaokwenda, kwa sababu sikumwambia. Na kule kuna binti anatazama mlango. Nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia Naomi, nikashindwa hata lile la kwanza.

Nilifika hospitali saa tisa na nusu. Saa nane ilikuwa imeshapita zamani. Nikapanda ngazi, nikatokea kwenye ukumbi wa wodi. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, sweta zake mbili zimekunjwa pembeni, ameshika kandambili za Naomi mapajani.

"Ni wa kike," akasema. "Mama yake mzima. Amelala."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni.

Habari yote niliipata kwake jioni ile, na ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami kwa kirefu. Alikuwa na dada yake aliyeolewa Kigoma, na mara tatu alikuwa amepandia treni Manyoni kwenda kumwona. Kila mara, treni ikifika Tabora, mabehewa yanakatwa, haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, na aliyekaa pasipo pake anaamkia kusiko kwake. Kwa hiyo aliposikia vyuma vinagongana, hakungoja kuambiwa. Alishuka akamwonyesha mfanyakazi wa reli bahasha ya barua ya Naomi, ambayo nyuma yake iliandikwa anwani ya hospitali. Yule akamwonyesha mbele kwa kidole. Ndipo akarudi kuniita mimi.

"Nikagonga," akasema, "na wewe ukainama kama unasali."

Behewa la mbele alikaa na akina mama watatu wazee. Akawapa karanga za kukaanga alizokuwa nazo kwenye mkoba, wakaisoma bahasha, wakashikana mikono. Mkaguzi alipofika, mmoja wao akatoa karatasi yao, na ilikuwa ile ile ya watu watano. Wakamwambia mkaguzi huyu ni wetu. Akahesabu, wanne, akapita. Mpaka leo sijui kama sheria iliruhusu, kwa hiyo usiende kujaribu. Ninachojua ni kwamba walishuka naye, mmoja akamsindikiza mpaka mlango wa wodi, na saa saba mkono wake ulikuwa kichwani kwa Naomi.

Nikamwomba radhi. Nikasema nilifanya vile kwa heshima, mama. Akazigeuzageuza zile kandambili. Halafu akanitazama usoni, safari hii bila kioo katikati yetu.

"Heshima nimeiona, baba. Umenibebea begi, umenipa dirisha. Lakini nilikuuliza tunashuka wapi, hukunijibu. Asiyeambiwa anakokwenda ni mzigo. Mimi si mzigo wako, mimi ni mwenzako wa safari."

Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha.

Sasa nikwambie kwa nini nimekukalisha hapa. Jana nilikukuta kwenu ukimwonyesha baba yako simu. Mnakwenda India, moyo wake ukatibiwe, na kutoka mji wa ndege mpaka mji wa hospitali ni treni, usiku na mchana. Nilikuona umezichunguza tiketi vizuri: lipi behewa la kulala, lipi la kukaa, ipi iliyothibitishwa na ipi ambayo bado iko kwenye foleni ya kungoja nafasi. Nilifurahi, maana udadisi ule naujua, nilikuwa nao. Halafu mzee akauliza, "Tunashuka wapi?" Nawe ukamjibu, "Wewe tulia tu baba, kila kitu kiko kwenye simu."

Nilikunywa chai yangu nikaondoka, lakini usingizi sikuupata.

Mwanangu, usifanye hivyo. Tiketi yake itoe kwenye karatasi, mpe mkononi mwake, hata kama ni moja ya watu wawili, kila mmoja awe na nakala yake. Mwandikie jina la mji kwa herufi kubwa na la hospitali chini yake, na namba ya behewa na ya kitanda. Soma masharti kabla ya bei, ujue treni ipi inakubali tiketi yako na ipi inaikataa. Mkifika stesheni tazameni ubavu wa behewa nyote wawili, na yeye asome kwa sauti, maana macho yake bado mazima, ni moyo tu unaosumbua. Akikuuliza jambo mara tatu, mjibu mara tatu. Huenda kuna Tabora moja aliyopita yeye, ambayo wewe huijui. Na akigonga kioo, inua uso.

Nasema haya kwa sababu baba yako anaogopa. Hatakwambia, lakini mimi ameniambia. Haogopi kisu cha madaktari, anaogopa kupelekwa asikokujua, na mtu anayempenda ambaye hamwambii.

Nenda ukakae naye leo jioni, mzizungumze hizo stesheni moja moja mpaka azijue kwa majina. Mungu wa baba zetu awatangulie njiani, awape watu wema mnapokuwa na lugha na msipokuwa nayo, aitie nguvu mikono ya madaktari. Mwende wawili, mwanangu, na mrudi wawili.