Pampu ya Upepo Upande wa Kasansa

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa pampu za maji wilayani Mpanda. Niliyoichukia ni moja tu, ya upepo, upande wa Kasansa. Pangaboi lake lilikaa juu ya mnara wa chuma wenye ngazi ya vipago arobaini na viwili. Nilivihesabu kila nilipopanda.

Mwenzangu, mzee aliyenifundisha kazi, goti lake lilikuwa limeshakataa ngazi. Alibaki chini akitoa ushauri.

Siku moja ya kiangazi tulikwenda kubadilisha oili ya gia. Lori lilituchelewesha, tukakuta upepo umeshaamka na waya wa breki ya pangaboi umekatika. Nikapanda, nikalikamata pangaboi kwa mikono, nikalifunga kwa kamba kwenye mnara. Kisha nikasimama kwenye chuma chembamba, mkanda kiunoni, nikihangaika na nati ya kutolea oili. Paja la kushoto likaanza kutetemeka.

"Mzee, paja linacheza!"

"Liache licheze. Wewe fungua nati."

Nikafungua. Oili chafu ikamwagika, nyingi ikapitia kwenye shati langu. Wakati huo akafika mfugaji mmoja, Msukuma, na ng'ombe wake.

"Fundi, liachie lizunguke kidogo. Ng'ombe wana kiu."

"Likizunguka litanikata kichwa."

Akafikiri. "Sasa utamaliza saa ngapi?"

Mzee akamweleza kwamba oili mpya ilikuwa bado chini, na paja langu halikuweza kushuka na kupanda tena. Mfugaji akaweka fimbo, akavaa galoni la oili mgongoni kwa kamba, akapanda pekupeku, bila mkanda, akipiga mluzi. Alipofika juu akatazama mbali, akafurahi.

"Kumbe kwangu ni pale tu!"

Akageuka kutazama chini. "Ng'ombe wangu wameingia kwenye mihogo ya mtu."

Akaniachia galoni, akashuka upesi kuliko alivyopanda. Mwenye mihogo, mama mmoja, alikuwa ameshatoka na jembe, anapiga kelele. Nikakaza nati, nikajaza oili, nikashuka vipago vichache, nikafungua kamba. Maji yalipotoka, ng'ombe wakaiacha mihogo wenyewe wakaja kunywa. Mfugaji akaahidi kumletea mama samadi. Mama akasema ailete kabla ya mvua, si baada.

Nilipokanyaga chini niliketi palepale. Kesho yake sikuweza kunyanyua kikombe cha chai kwa mkono mmoja. Nikatumia miwili.