Kona ya Nyuma ya Chumba Changu

Bado nakumbuka siku niliyomnyang'anya mpimaji mashine yake mkononi. Wewe, mwanangu, ulikuwa mgongoni mwangu umelala, kwa hiyo wacha nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa watu wa Gesima, ambao wataongeza chumvi.

Babu yako alikuwa anawagawia wanawe shamba. Mpimaji, kijana wa Kiogoro mwenye viatu vinavyoogopa matope, alikuja na kile kifaa cha mkononi kinachosoma setilaiti. Kazi yenyewe si ngumu: unasimama kwenye kona ya shamba, unangoja kifaa kitulie, unabonyeza, unaenda kona nyingine. Lakini jua lilikuwa kali na shamba letu la chai ni la mteremko. Akamfundisha babu yako kubonyeza, akamtuma azunguke, yeye akaketi kivulini na simu yake. Mzee wa watu akazunguka, amekishika kile kifaa kama anayebeba mtoto mchanga.

Aliporudi, mpimaji akatuonyesha ramani. Nyumba yetu ilikuwa imeangukia sehemu ya baba yako mdogo.

"Haya shemeji, anza kunipikia," akacheka. "Si unaishi kwangu?"

Mimi sikucheka. Nyumba hiyo mimi na baba yako tuliikandika kwa mikono yetu.

"Mzee amekosea," mpimaji akasema. "Wazee na mashine, unajua tena. Lakini mama, data imeshaingia."

Babu yako akainamisha kichwa. Hapo ndipo niliponyang'anya.

Nilikuwa nimeutazama ule mstari. Unakuja vizuri, halafu ukikaribia dirisha la chumba changu cha kulala, unateremka kwenye chai na kupandia upande wa pili, ukiiacha nyumba nje ya sehemu yetu. Kona ya shamba iko chini ya dirisha lile, ninapoanika nguo zangu. Na sisi tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya: baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, na mzee kama babu yako hata dirisha halisogelei. Hakukosea. Aliniheshimu. Na angejieleza vipi mbele yangu, wakati kulitaja tu jambo lenyewe ni aibu?

"Wewe si Mgusii?" nikamwuliza mpimaji. "Babako anaweza kusimama chini ya dirisha la mke wako?"

"Sasa mama, mambo ya dirisha yametoka wapi?"

"Jibu!"

Akaangalia viatu vyake. Babu yako akakohoa, akaitazama migomba badala yangu. "Mama Kwamboka, mrudishie kijana mashine. Ni ya watu."

Nikamrudishia, kwa sababu ya mzee tu.

Mwanangu, ukikua ukapewa kazi, ifanye wewe mwenyewe. Na ukiona mzee anazunguka mbali, usimwite mjinga. Uliza kwanza anakwepa nini. Mungu akupe macho ya kuona heshima hata inapokuletea hasara. Akupe na mdomo, ingawa huo nasikia tayari unao.

Kesho yake nilienda ofisi iliyomtuma yule mpimaji, nikangoja mpaka barua yangu ikagongwa muhuri. Niliandika hivi: "Nalalamika kwamba mpimaji wenu hakupima. Alimpa mzee kazi yake, kisha akamlaumu mbele ya wanawe. Naomba aje amwombe radhi. Naomba pia kona ya nyuma ya nyumba yangu ipimwe upya, na ipimwe na mtu yeyote ambaye si baba mkwe wangu."