Pikipiki Iliyopakwa Mafuta ya Papa

Katika kijiji chetu chote cha Chundwa hakuna mtu aliyefungua mashine nyingi kuliko mimi, na nasema hivyo bila haya kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Nilitoka kijijini na mfuko mmoja, nikafagia gereji Mombasa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika spana, nikajilipia diploma ya ufundi wa mitambo kwa jasho langu, kisha nikaenda Uarabuni kutengeneza jenereta kubwa kuliko nyumba za watu. Cheti nimekitundika sebuleni mkabala na mlango. Kwa hiyo niliporudi kujenga, na mjomba wangu akanionyesha pikipiki yake ya zamani nyuma ya ghala la nazi, nilimwambia siku nne zinatosha.

Ilikuwa tu-stroki, ile aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ndiyo iliyotangulia kufika upande wetu wa kisiwa. Nilipokuwa mdogo tuliukimbilia moshi wake wa buluu tukiona fahari kuuvuta. Sasa ilikuwa imesimama zaidi ya miaka kumi, na magoti ya mjomba yalikuwa yamechoka. Shamba lake la minazi na ufuta liko mbali, kwa miguu hafiki tena, na habari ya kupanda nyuma ya bodaboda hakutaka hata kuisikia.

"Nibebwe kama gunia la viazi?" alisema. "Mwanangu, hii isiponguruma kabla ya masika, shamba nampa jirani alime. Nimeshamwambia. Angoja jibu tu."

Nilikanyaga kiki, haikushuka hata kidogo. Nilipofungua kichwa cha injini nikaona pistoni imekwama katikati ya silinda, na juu yake kitu nisichowahi kukiona Mombasa wala Uarabuni: utando mnene wa rangi ya asali iliyoungua, mgumu kama ukucha.

Tuna kundi letu la simu, wapenzi wa pikipiki za zamani. Wengi ni watu wa bara. Ninayemwamini zaidi ni mwalimu mmoja anayefundisha Mokowe, ana pikipiki kama hii hii. Nikatuma picha. Akajibu kwa ujumbe wa sauti:

"Diploma, hiyo ni kutu tu! Weka kipande cha mbao ngumu juu ya pistoni, piga nyundo. Ikikataa, piga tena."

Mwingine akaandika kwamba silinda ya mashine hiyo haipatikani tena Kenya, nikiipasua nimeizika.

"Usimtishe injinia," mwalimu akasema. "Ana cheti ukutani."

Nilipiga mara tatu. Mara ya tatu nyundo iliteleza, pezi moja la kupozea silinda likakatika, likaruka mpaka kwenye makumbi ya nazi. Nikaweka nyundo chini. Nililiona shamba la mjomba likienda kwa jirani kwa mkono wangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama badala ya kupiga. Kama ni kutu, mbona hakuna vumbi jekundu? Juu ya ule utando, ukuta wa silinda uling'aa kama wa juzi. Kwetu msumari ukiuacha nje wiki moja umekwisha, sasa chuma hiki kimekaaje miaka kumi na chumvi yote hii? Nikakwangua kipande, nikakichoma kwa kiberiti, nikanusa.

Mkaza mjomba alikuwa akipita na kapu la nguo. "Wanusa nini, Bwana fundi?"

"Samaki."

Akacheka mpaka akaweka kapu chini. "Si samaki tu. Ni papa."

Ndipo akaeleza. Kila mwaka mashua ya mjomba inapovutwa pwani kupakwa mafuta ya ini la papa, kuna yanayobaki kwenye debe. Yeye hakuyamwaga. "Naliipaka hiyo pikipiki. Nayo ni chombo. Nani angeitunza? Huyu mume wangu alitoa plagi akaitia kwenye mashine ya mashua, tundu likabaki wazi. Nami nikatia mafuta."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Kikombe kimoya."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Wewe! Miaka yote hii nasema ghala lanuka papa, waniambia ni mimi!"

"Na wewe pia," akamjibu.

Sikuweza kumkasirikia. Mafuta yake yaliigandisha mashine, lakini hayo hayo ndiyo yaliyoizuia isiliwe na kutu. Nikamuuliza, kwenye mashua mafuta ya kale hutolewaje?

"Huyui? Na diploma yote hiyo? Watia mapya ya moto. Ya kale yakikutana na mapya hulegea, kisha wakwangua."

Sikumwamini kwa neno tu, sikufundishwa hivyo. Nikavunja vipande vinne vya utando nikavitia katika vikombe vinne: petroli, mafuta ya taa, maji ya majivu aliyoyapendekeza mjomba, na mafuta mapya ya papa niliyoyapasha moto. Katika kila kikombe niliongeza kipande cha aluminiamu, kwa kuwa pistoni ni aluminiamu. Kesho yake petroli haikufanya kitu. Mafuta ya taa yalikisafisha tu kikang'aa. Maji ya majivu yalikilainisha, lakini yalikuwa yameanza kuila aluminiamu, jambo ambalo mtu asiye na diploma asingelipima. Kikombe cha papa kilikuwa na kitu laini kama haluwa.

Asubuhi tatu mfululizo nilipasha mafuta nikamimina. Siku ya nne nikaweka kiganja juu ya pistoni, nikasukuma. Ikashuka taratibu, bila nyundo.

Nilituma picha kundini na maelezo yote, na nilitaja ni ujuzi wa nani. Mwalimu akajibu: "Muulize huyo mama kama anauza kwa lita."

Ringi, sili na plagi mpya vilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti. Nikaunga, nikachanganya petroli na oili, nikapiga kiki. Ya tano ikashika. Moshi ulikuwa mweupe, wenye harufu ya papa wa kuchoma, na paka wa mtaa mzima wakaja kutazama.

Mjomba alipanda akaenda shamba peke yake. Saa mbili zikapita. Nikamfuata kwa miguu, nikamkuta kati ya minazi anang'oa majani, pikipiki imesimama kando ikinguruma.

"Mjomba, mbona hukuizima?"

"Nikiizima nani ataipiga kiki? Goti hili?"

Nikamweleza kwamba tu-stroki ikiachwa ikinguruma bure, plagi hushika masizi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi kesho ndoo nami, uipige kiki wewe."

Nikapanda nyuma yake tukarudi. Karibu na kisima tulimkuta jirani, akainua mkono kutusimamisha. Mjomba hakupunguza mwendo. Akapaza sauti juu ya mngurumo: "Tafuta shamba lingine, bwana! Hili lina mwenyewe!"